Ngitili Ambayo Ansgar Hakuikanyaga

Ndugu waombolezaji, padre wetu, wakwe zetu mliotoka Bugarama, na wageni wa kazini mliofika kutoka Shinyanga na Dar es Salaam, familia inawapa pole na kuwashukuru kwa kuja kumzika ndugu yetu Ansgar Maganga, na kabla hatujamtoa nyumbani tutawasomea maisha yake yote, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza, ingawa wapo wazee wa ukoo waliotaka mambo fulani yarukwe, na mjane, Mama Mektilda, akakataa katakata.

Marehemu alizaliwa hapa Ushirombo tarehe 3 Februari 1942, mtoto wa tatu wa mzee Felician Maganga na mama Febronia, na jina la Ansgar alipewa na padre aliyembatiza, aliyefungua kalenda akakuta siku hiyo ni ya mtakatifu huyo, jina ambalo bibi yetu hakuweza kulitamka mpaka anaingia kaburini, akawa anamwita Maganga, basi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1950, akasoma hadi darasa la nane, kisha akaenda sekondari Tabora, alikomaliza mwaka 1961, hesabu zikimkaa kichwani kuliko katekisimu, na mwaka 1963 alikwenda Dar es Salaam kusomea upimaji wa ardhi, akahitimu mwaka 1965 na kuanza kazi Shinyanga, ambako alijulikana kwa viatu vilivyoisha soli na kwa ubishi wa mipaka, maana angeweza kubishana juu ya kigingi kimoja mpaka chai ikapoa mezani.

Tarehe 23 Agosti 1969 alifunga ndoa katika kanisa hili la hapa jirani na Limi Scolastika, binti wa mzee Bujiku wa Bugarama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mektilda, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1971, na Otmar, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1974. Mzee Bujiku alimpenda mkwe huyu, tuseme ukweli, kuliko baadhi ya watoto wake wa kuzaa, na kijana wake wa mwisho, Mihayo, ndiye aliyekuwa shemeji wa kutaniana naye, wakikutana hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema.

Mwaka 1977 marehemu alipelekwa Uholanzi kusomea picha za ardhi zinazopigwa na setilaiti, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka 1980 akaazimwa na mradi mmoja wa kupanga matumizi ya ardhi upande wa Kahama. Kazi hiyo alitueleza hivi, kwamba picha ya setilaiti ni vidoti vitupu, kila kidoti ni kipande cha ardhi chenye namba za mwanga wake, na kompyuta haijui shamba wala msitu mpaka mtu aende kwa miguu, achague maeneo ya mfano, aseme hapa ni pamba, hapa ni mbuga ya mpunga, hapa ni miombo, hapa ni pori lisilotumika, ndipo inapopiga hesabu ya kila kundi, wastani wa mwanga wake na jinsi unavyotawanyika, kisha inakipeleka kila kidoti kwenye kundi ambalo uwezekano wa kuwa chake ni mkubwa zaidi, kama sisi tunavyomkagua mgeni msibani, tukamtazama pua na kipaji cha uso, tukasema huyu bila shaka ni wa ukoo fulani. Kasoro yake, alisema, ni kwamba haikuzoezwa kusema sijui, na ukoo ambao haujatajiwa haiwezi kuutaja.

Sasa wageni wetu wa Dar es Salaam mtuvumilie, maana wenyeji wanaijua ngitili, majani yanayofungwa mvua zikiisha ili ng'ombe wayapate kiangazi kikikaza, na ikishafungwa hakanyagi mtu wala ndama mpaka mwenyewe aifungue. Mwezi Julai 1981 marehemu alifika Bugarama kuchukua maeneo ya mfano, akakusudia kuanza na ngitili ya mkwe wake, kwa kuwa ngitili za watu baki asingeruhusiwa hata kuzisogelea, lakini mzee Bujiku alikuwa amesafiri kwenda Katoro, aliyebaki nyumbani ni mama mkwe, na mkwe mwanamume wa huku hamsimamishi mama mkwe njiani kumwomba ruhusa ya jambo lolote. Akasimama pembeni ya ngitili, akaitazama, akageuka kwa adabu zake zote, akisema atarudi mzee akiwepo, halafu petroli ya mradi ikaisha, wakamwita Shinyanga, na hakurudi.

Kompyuta ikafanya ilivyofundishwa. Ngitili zote za Bugarama, ambazo hazikuwa na kundi lao, zikaangukia pori lisilotumika, rangi ya njano, na ramani ilipojaribiwa ikasemekana ni sahihi kwa asilimia themanini na saba, kwa sababu waliijaribu kwa makundi yale yale iliyofundishwa, marehemu akapongezwa na kupandishwa cheo. Ramani ilipotundikwa ukutani aliitambua kona ya kijito cha nyumbani kwa mkwe wake, akaiona ilivyo njano tupu, akajua papo hapo kilichotokea, na akanyamaza, kwanza kwa aibu ya kuharibu sherehe, baadaye kwa kuwa kila wiki iliyopita ilimzidishia ugumu wa kufungua mdomo. Ukimya huo ndio uliomla, zaidi ya kosa lenyewe, na alimwambia mkewe kwamba kompyuta angalau haikuwa na macho.

Mwaka 1982 eneo lile la njano likagawiwa kuwa shamba kubwa la pamba, ukame wa mwaka 1984 ukakuta ng'ombe wa mzee Bujiku hawana majani, wakafa karibu wote, na Mihayo, aliyekuwa hajawahi kushika sururu, akaenda kuchimba dhahabu, na tarehe 9 Novemba 1984 shimo likamfunika. Tulimzika Bugarama, wengi wenu mlikuwepo.

Baada ya matanga marehemu alikwenda kwa mkwe wake, akapiga magoti, akamweleza kila kitu, vidoti, makundi na ile ramani, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba Mektilda, hiyo mashine ilifundishwa na nani?" Marehemu akajibu, "Na mimi, baba." Tangu siku hiyo mzee hakuiitikia tena shikamoo yake. Marehemu aliomba arudishwe cheo cha chini, akarudi Bugarama kila kiangazi, akatembea ngitili moja baada ya nyingine, safari hii wazee wakimtangulia, na mwaka 1987 ramani mpya ikatoka, ngitili ikiwa kundi lenye jina lake, nusu ya eneo ikarudishwa, na kila alipopita kwa mzee akatoa shikamoo yake, akangoja, akaondoka.

Ugonjwa wa ini ulimshika Machi 1988, akalazwa Shinyanga, na mwezi Agosti mzee Bujiku alifika wodini na kibuyu cha maziwa, akakaa kitini mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, akaondoka bila kusema neno, na marehemu akalia kama mtoto. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1988, alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake waliotoa gari, na wakwe zetu waliotembea njia yote hiyo. Mmezoea kusikia hapa msomaji akiomba kwamba kama marehemu alimkosea mtu, mtu huyo amsamehe. Ansgar alitukataza, alisema kumwomba mzee msamaha mbele ya jeneza na umati ni kumtega, kwa kuwa nani atakataa, na ya kwake aliyoyaomba aliyaomba angali hai. Kwa hiyo, baba Bujiku, uliyekaa hapo mbele, hatukuombi chochote. Ansgar, mwana wa Maganga, wewe pumzika, na amani ikufikie kwa wakati wake.