Kadi za Meno za Bi Tulinagwe

Inatangazwa kwa watumishi wote wa kituo chetu cha afya, kwa uzito unaostahili, kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2025 itaruhusiwa kucheka kwa mdomo wazi katika korido ya chumba namba sita. Kwa miaka thelathini na minne, aliyethubutu kufanya hivyo aliitwa ndani, akakalishwa kwenye kiti, akaonyeshwa ugaga uliogandia meno yake kwenye kioo kidogo.

Sababu ya ruhusa hii ni kwamba Bi Tulinagwe Mwaisumo, tabibu wetu wa kinywa na meno tangu mwaka 1991, anastaafu tarehe 30 Juni. Wasifu wake nimepewa mimi wa masjala niuandike, si kwa ufundi wa kalamu, bali kwa kuwa ndiye ninayetunza faili lake. Faili hilo ni safi, isipokuwa karatasi moja. Nitaifikia, maana nisipoifikia leo ataondoka nayo.

Alipofika Kyela, watu walijua kazi moja tu ya tabibu wa meno: kung'oa. Kusafishwa kulionekana hatari. Wazee wa Busale waliamini kwamba ugaga ndio unaoyashika meno, na ukiutoa yatapukutika. Bi Tulinagwe hakubishana nao. Alhamisi moja alimsafisha Rut, mwimba sauti ya kwanza wa kwaya, na Jumapili kanisa zima likahesabu meno ya Rut wimbo mzima. Yalikuwepo yote. Alhamisi iliyofuata foleni ilitoka nje ikafika kwenye migomba.

Ndipo likaja swali ambalo bado tunaulizwa kila siku: meno yasafishwe mara ngapi? Hakuwa na jibu moja la watu wote. Mwenye fizi imara na ugaga kidogo, mara moja kwa mwaka inamtosha. Wengi wetu, mara mbili. Mwenye kisukari, mvuta sigara, au yule ambaye fizi zake zinatoka damu, kila miezi mitatu hadi zitulie. Na kwa kuwa alijua mkulima wa mpunga hana habari na tarehe kumi na nne ya mwezi wowote, kadi za mara mbili aliziandika kwa mkono wake: "baada ya kupanda" na "baada ya kuvuna". Watu walikuja bila kukumbushwa. Wapo akina mama wa Talatala ambao hata leo wakimaliza kupura huoga, huvaa, na kuaga nyumbani kwamba wanakwenda kwa Tulinagwe.

Sasa karatasi ile. Mnaisimulia wakati wa chai, nimewasikia: kwamba Bi Tulinagwe alimsahau Mzee Asheri. Mzee Asheri ni mfanyabiashara wa Itungi, ana ndugu ng'ambo huko Karonga, Malawi, na ana kisukari. Agosti 2011 kadi yake ilimwambia arudi baada ya kupanda. Hana hata jaruba moja la mpunga. Akangoja majirani wapande, mvua zikachelewa, akarudi baada ya miezi saba, fizi zimevimba na meno mawili ya mbele yanacheza. Yaling'olewa yote mawili. Bi Tulinagwe alipewa barua ya onyo, na jina lake, lililokuwa limeshapendekezwa kwa tuzo ya mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, likakatwa.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Mwaka ule nilikuwa mgeni masjala, nahamishia maelezo ya kadi kuukuu kwenye kadi mpya. Mkono ukachoka. Nikaenda Mbeya nikachongesha muhuri wenye maneno yale ya kupanda na kuvuna, nikagonga kadi mia mbili kwa asubuhi moja, nikatembea siku nzima kama mvumbuzi. Kwenye kadi kuukuu ya Mzee Asheri, Bi Tulinagwe alikuwa ameandika "kila miezi mitatu" na kupigia mstari mara mbili. Sikusoma. Niligonga.

Asubuhi ya kikao cha kumjadili nilimfuata chumba namba sita nikamwambia kwamba nitajitaja. Alikuwa anachemsha vifaa, hakugeuka.

"Sylvester, wewe bado uko kwenye matazamio, watakufukuza. Mimi nilithibitishwa zamani. Na kadi ile mpya ilipita mkononi mwangu, sikuisoma. Kaa kimya."

Nikakaa kimya miaka kumi na mitatu. Katika utumishi wangu sijui kazi nyingine niliyoifanya kwa bidii kama hiyo. Yeye, tangu siku ile, hakumruhusu mgonjwa yeyote kutoka bila kumsomea kadi yake kwa sauti.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea mganga mfawidhi maelezo yangu yenye sahihi, nikaomba barua ile ya onyo iondolewe na ikiwezekana iandikwe nyingine kwa jina langu. Kisha nikashuka Itungi kwa Mzee Asheri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama wa watu nilimnunia miaka miwili." Ameomba kiti cha mbele kwenye sherehe.

Bi Tulinagwe hajayaona haya. Anayasoma leo pamoja nanyi. Dada, kosa lilikuwa langu, na uliyelibeba ni wewe. Ndaga fijo, asante sana. Sisi sote wa kituo tunakuombea afya, mavuno mazuri, na siku ndefu za kukaa kwako bila kuharakishwa na mtu.