Vidonge vya Droo ya Msimamizi

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu; Msimamizi wa karakana, wageni waalikwa, mafundi wenzetu:

KARIBU

Karibu katika karakana yetu ya samani. Leo sakafu imefagiliwa na mashine zimezimwa, ndiyo maana unaweza kuvuta pumzi bila kupiga chafya. Tumefurahi umekuja. Tunajiuliza pia kwa nini umekuja sasa, na kwa nini tuliagizwa risala iwe fupi na isitaje pua ya mtu.

Tutaitaja.

TULIPOTOKA

Kazi yetu ni kupasua mbao, kupiga randa, kusugua msasa na kupaka vanishi. Vumbi la mbao halina adabu, linaingia puani bila hodi. Mafua yasiyoisha tuliyahesabu kuwa sehemu ya ajira. Fundi akilalamika kwamba kichwa na mashavu vinamuuma, Msimamizi alifungua droo ya skrubu akatoa vidonge vya antibiotiki.

"Meza hivi, urudi mashineni. Hakuna aliyekufa kwa kamasi," alikuwa akisema.

Nasi tulikuwa na utaratibu wetu. Ukipata nafuu, unarudisha vilivyobaki ili vimfae mwenzako. Aliyemaliza dozi peke yake tulimwita mchoyo.

MAFANIKIO

Tumetengeneza madawati, vitanda, makabati, na hata meza iliyoko ofisini kwako. Meza hiyo ilisuguliwa na mwenzetu tunayemwita Mama Msasa. Ulaini wake unaujua mwenyewe.

CHANGAMOTO

Mama Msasa alianza kwa kutosikia harufu. Siku moja alimjia juu muuza vanishi: "Umechakachua wewe! Tangu lini vanishi ikakosa harufu?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukainusa sisi, ikatupanda kichwani kama kawaida. Hapo kicheko kikakatika.

Alimeza vya kwenye droo, akapata nafuu, akabakiza. Ugonjwa ukarudi, akameza tena. Mwishowe jicho la kushoto likavimba, mumewe akampeleka hospitali. Sisi tuliapa kwamba vidonge ni bandia, na Msimamizi tulimtazama kwa jicho baya. Tulikosea. Maabara walichukua usaha wake, wakaotesha bakteria waliomo, wakajaribu dawa hii na ile; bakteria wakaendelea kustawi.

"Mama, vidonge vilikuwa vizima," daktari alimwambia. "Wadudu ndio wamekuwa sugu. Dozi nusunusu inaua wale dhaifu, wale wakorofi wanabaki na kuzaana."

Iliyobaki ni dawa ya sindano, ya kudungwa akiwa amelazwa. Akichelewa, jicho linaweza kupotea. Tunaogopa, mgeni rasmi.

Basi shaka yetu ikahamia kwingine. Nani aliona droo inatosha mahali pa daktari? Mashine ya kufyonza vumbi tuliyoahidiwa imeishia wapi? Na Mama Msasa aliyeomba ruhusa ya kulazwa, kwa nini amejibiwa kwamba akiondoka nafasi yake itachukuliwa na mwingine?

MAOMBI

Tunaomba mashine hiyo. Tunaomba anayeumwa apewe ruhusa ya kumwona daktari na kumaliza dozi yake. Zaidi ya yote, tunaomba Mama Msasa akalazwe kesho, na akirudi aikute kazi yake.

Kuna jambo jingine. Tumeliona boksi lililoshushwa kwenye gari lako, limefungwa utepe. Tumenong'onezwa kwamba ndani ni vidonge vilevile, zawadi ya kuzindulia chumba cha huduma ya kwanza. Ratiba inasema Mama Msasa ataitwa kulipokea kwa niaba yetu, mpigwe picha. Ni yule pale karibu na mlango, aliyejifunga kitambaa jichoni. Kwa heshima zote, akiitwa hatasimama. Atasimama ukishatamka mbele yetu sote, kwa kipaza sauti hiki hiki tunachosomea risala, kwamba kazi yake ipo.

Mungu amponye mwenzetu. Nawe akujalie afya, safari njema ya kurudi, na moyo wa kusema neno hilo kabla hujaondoka.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Samani, tunaosubiri.