Benchi la Wateja

Ndani ya basi, bibi mmoja alimvumilia fundi wa magari aliyeketi kando yake akijisifu, hadi uzalendo ukamshinda.

"Yaani mjukuu wangu unalala chini ya gari lililoshikwa na jeki tu? Stendi za chuma za kuliegemeza huna?"

"Ninazo mbili, bibi. Nimezipitishia ubao, wateja wanakalia."

"Ala! Makalio ya wateja yashikwe na chuma, kifua chako kishikwe na Mungu?"

Abiria wakaangua kicheko. Fundi akajikuna kisogo. "Jeki yangu haijawahi kuteleza."

"Siku ikiteleza, utakuja kunihadithia?"

Basi likasimama mbele ya gereji yake. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki tu, na wateja wawili walikuwa benchini wakipiga soga. Fundi akashuka taratibu. Bibi akatoa kichwa dirishani: "Nyie wawili, inukeni! Mmekalia kifua cha mtoto wa watu!"