Mlango wa Mninga

Basi la Kibaha lilipoondoka Kisarawe, Mwalimu Hilario alifungua daftari la mwanafunzi ili asahihishe. Hakusahihisha hata mstari mmoja. Mbele yake, fundi seremala alikuwa akimhoji Bi Mwanne, bibi aliyepakia juu ya basi mlango wa mninga aliouong'oa kwenye nyumba yake ya zamani.

"Bibi, unasema mwanao amekujengea chumba cha saruji. Mlango wa nyumba ya udongo wa nini tena?"

"Chumba chenyewe kinatokea sebuleni kwa mkwe wangu. Kila nikitoka nitaulizwa, 'Mama, wapi tena?' Magoti yananiuma, fundi, lakini majirani bado nawafikia. Nataka mlango wangu wa nje."

"Utoboe ukuta mpya? Utamtesa kijana!"

"Kwani mimi nilimlea nikiwa nimelala?"

Abiria walicheka. Hilario hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa amempa mama yake chumba cha katikati, kisicho na mlango wa nje.

"Na akikataa?" fundi aliuliza.

"Nitarudi na basi hili hili, mimi na mlango wangu."

Basi lilisimama Kibaha. Mwana wa Bi Mwanne alikimbilia mlango wa basi, akanyoosha mikono amshike mama yake. Bi Mwanne alikaza kanga yake.

"Mimi nitateremka mwenyewe," alisema. "Wewe pokea mlango."