Sindano ya Mzee Idefonsi Ina Mwenyewe

Gaspari, wewe ni msimamizi wa gereji, si msimamizi wa mali za watu. Nani alikutuma uichukue sindano yangu, uifungie kwenye fremu ya kioo na kuandika chini yake "Zawadi kwa Mzee Idefonsi, kifaa chake cha kazi"? Chake tangu lini? Mmenipa karatasi niandike wasifu wa mstaafu kwa kuwa ni mimi niliyemwona siku ya kwanza. Haya, nauandika, na sindano imo.

Mzee Idefonsi Nshimirimana anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na nane katika Gereji ya Njia Panda hapa Nyakanazi. Alikuja mwaka 1997 kutoka Kirushya kule Ngara, ana shati moja na spana namba kumi mfukoni. Mimi nilikuwa jikoni hapa gereji, nawapikia mafundi, mwaka mzima tayari. Hilo nalo liandikwe, maana nimeiona keki, ina jina moja tu.

Kazi yake ni swichi za gari. Ufunguo ukikwama, ukikatikia ndani, kitasa kikizunguka bure kama kichwa cha mlevi, anaitwa yeye. Madereva wa malori wanatoka Rusumo wakimuulizia. Wakishuka hawasemi, "Shikamoo Bibi Ernesta, maharage yameiva?" Wanasema, "Mzee yupo?" Miaka yote hiyo mimi ni wa kujibu yupo. Wivu ninao, siufichi.

Mwaka 1999 Samweli, dereva wa pikapu, alibeba kwaya kwenda kuimba harusini Ngara. Ufunguo ukawa mgumu. Akamimina mafuta ya kula kwenye tundu la swichi, utadhani anakaanga samaki. Vumbi la barabara yetu likikutana na mafuta linakuwa ugali. Akalazimisha kwa koleo, ufunguo ukakatikia ndani. Wanakwaya wakasimama juani na sare zao nyeupe, maana pa kukaa palikuwa na matairi yenye grisi tu.

Idefonsi alifanya kama anavyofanya hadi leo. Kwanza jiwe chini ya tairi. Kisha akafungua waya wa hasi wa betri kabla hajagusa kitu kingine. Juvenali, wewe mwanafunzi wake, unasikia? Wewe mwaka juzi uliiruka hatua hiyo, ukatufukiza moshi mpaka uji wangu ukanuka plastiki. Akajaribu bisibisi, akajaribu waya, kipande kikagoma. Akanikuta kando ya sufuria nasuka kikapu kwa sindano ya marehemu mama yangu, ile tunayoiita uruhindu, nyembamba, kazi ya mhunzi. Akasema, "Dada Ernesta, niazime kidogo."

Kidogo hiyo sasa ina miaka ishirini na sita.

Akaipiga tupa ncha ikawa na kajino. Hakuniuliza. Akaipenyeza pembeni mwa kile kipande, akavuta taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba, kikatoka. Akasafisha lile tope lote, akakwangua penseli na kupuliza unga wake mweusi ndani badala ya mafuta. Akachonga ufunguo mwingine kwa tupa akifuatisha vile vipande viwili. Pikapu likawaka. Kwaya ikamwimbia yeye. Mwenye sindano hakuimbiwa hata ubeti.

Sifa yake siwezi kumnyima. Kitasa kilicholika hakibembelezi, anakibadilisha, kwa sababu usukani ukijifunga gari likiwa mteremkoni hakuna fundi wa kukufikia. Kuna madereva wanaolea wajukuu leo kwa kuwa alikataa kuwaunganishia waya ili wawahi.

Mtu mmoja alikuja na gari zuri, hana ufunguo, hana kadi ya gari, anataka swichi ivunjwe. Mzee akanawa mikono, akaja kula. Yule mtu akafoka, "Wewe fundi au polisi?" Mzee akamjibu mdomo umejaa, "Fundi. Polisi wako pale kwenye kizuizi, nikuitie?" Gari likaondoka likivutwa. Siku hiyo nilimwongezea maharage, na hakusema hata asante.

Sindano nimeiulizia mpaka nimeota mvi. "Kesho, dada, kuna lori limekwama." Malori hayajawahi kuisha Nyakanazi. Mimi nasukia spoki ya baiskeli, inachana nyasi. Yeye amepata jina, mimi nimepata spoki.

Sasa anarudi Kirushya kwenye migomba yake. Asante, Mzee Idefonsi, kwa mikono isiyo na haraka. Mungu akupe usingizi mzuri na magoti ya kupandia kilima chenu. Huko asikusumbue mtu mwenye swichi.

Tangu Pasaka nakusukia kikapu cha heshima. Ubavu umekubali spoki. Mfuniko umekataa, unataka sindano ya mama, na sindano iko kwenye kioo inatazamwa na wageni.

Gaspari, fungua hiyo fremu kabla keki haijakatwa. Niletee sindano jikoni na kajino kake hivyo hivyo. Mfuniko ni kazi ya siku tatu, na mzee asipande gari la Ngara kabla sijaumaliza. Mkalishe, mpe chakula, asubiri. Mimi nimesubiri miaka ishirini na sita.