Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba nisome mimi, shemeji yake, kwa kuwa wengine wamekataa katakata, na haya ndiyo maisha ya marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Karibu. Aliomba azikwe kando ya mkewe, na jibu la ombi hilo nitalitoa mwishoni.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, na tarehe 2 Januari 1983 akaajiriwa bawabu wa ile hoteli ya ghorofa tisa yenye saa kubwa, ambayo sote tuliitumia kuelekezana njia. Wageni aliwaheshimu, hilo hakuna wa kumnyima, ila wafanyakazi wenzake aliwaona wezi watupu, na vitambaa vya meza vilipopotea ni yeye aliyeshauri mlango wa nyuma ufungwe kila zamu inapoanza, akakabidhiwa ufunguo, basi akavimba kichwa.

Mwaka 1987 alimwoa dada yangu, mfuaji wa hoteli hiyo hiyo, wakajaliwa binti mmoja. Kila asubuhi walitoka nyumbani pamoja, wakifika dada anapitia nyuma, mumewe anamfungia.

Tarehe 9 Juni 2015, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ardhi ilitetemeka, ikatulia dakika sita, ikatetemeka tena, na hoteli ikaanguka. Dakika hizo sita marehemu alishika mlango wa mbele, wageni hamsini na watatu wakatoka salama, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Dada yangu na wenzake kumi na mmoja tuliwakuta kwenye mlango wa nyuma, wamelaliana. Binti alipomuuliza baba yake kwa nini hakwenda kufungua, alijibu, "Kila aliyetoka alinishukuru, mwanangu."

Tangu hapo hakutaka mlango wowote nyumbani ufungwe, hata mvua ikinyesha ndani, akapata homa ya mapafu, akafariki tarehe 27 Agosti.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliovumilia milango yake, na uongozi wa hoteli kwa shada lililoandikwa "Alitufungulia". Wafanyakazi wenzake tungewashukuru pia, wamelala hatua ishirini kutoka hapa.

Kuhusu ombi lake, binti yake amekataa, anasema mama ameshafungiwa vya kutosha. Pumzika hapo hapo ulipo, shemeji, ufunguo tumekuwekea mfukoni.