Sikumlilia Mama

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Alhamdulillahi! Aliyenirudishia moyo wangu ni Mola peke yake, na leo nasimama mbele yenu hapa mjini kwetu Ibra kuyasema yangu mwenyewe, maana mmeshanisema sana mimi nikiwa sipo.

Mnanijua. Mimi Salma, mwalimu wa hesabu. Nilikuwa mtu wa watu. Jirani akiugua, wa kwanza kupiga hodi na bakuli la uji ni mimi. Basi kidogo kidogo nikageuka, na mwenyewe sikujua. Neno lolote likinijia, namtupia mtu usoni. Mgeni akiingia, nainuka naenda zangu. Mwanafunzi akilia darasani, naona kuwa analia, lakini kilio chake hakinigusi. Namtazama kama natazama ukuta.

Mama yetu akafariki. Ndugu zangu, nilikaa katikati ya wanawake msibani nikaomba chai! Dada yangu Zuwena akanifinya mkono.

"Lia basi, Salma. Watu wanakutazama."

"Nilie nini? Keshakufa."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mimi niliyemuuguza mama kwa mikono hii!

Mkatoka pale mkasema nina kiburi. Wengine mkasema nina shetani. Nikasomewa, nikafukizwa ubani, nikawaambia siisikii harufu yake. Hakuna aliyejali. Mume wangu, Nasser, akasema, "Mke niliyemuoa simuoni tena," akaniacha. Nikamjibu, "Haya," nikaendelea kula.

Halafu siku moja nikaanguka jikoni kwa Zuwena, mwili unatetemeka, povu linanitoka. Akanipakia garini mpaka hospitali Nizwa. Daktari ndiye wa kwanza kuuliza: "Tabia yake imebadilika tangu lini? Harufu anasikia?" Picha ya kichwa ikaonesha uvimbe nyuma ya paji la uso, mkubwa kama ndimu. Ulikuwa umeikandamiza ile sehemu ya ubongo inayomfanya mtu awahisi wenziwe, na apime neno kabla hajalitoa.

Zuwena akakaa chini sakafuni. "Na sisi tukimgombeza," akasema. "Tukimgombeza mgonjwa."

Wakanipasua, wakautoa. Haukuwa saratani, alhamdulillahi! Nikakaa wiki nyingi kama mtu aliye usingizini. Asubuhi moja Zuwena alikuwa akinipaka mafuta miguuni, nikahisi mikono ya mama. Nikalia. Nikalia mpaka wauguzi wakaja mbio! Nilikuwa namlilia mama, watu wote wameshamaliza kumlilia.

Ndugu zangu, kupona kwangu kuna uchungu. Moyo uliporudi, ulirudi na kila kitu. Nasser alikuja kunitazama, naye keshaoa.

"Ningejua, Salma..."

"Hukuuliza," nikamwambia.

Na nyinyi mlikuja na halua zenu, "Mashaallah, umepona!" Aliyeniambia "nisamehe" ni Zuwena tu.

Hata hivyo namshukuru Mungu kwa machozi haya. Afadhali kuumia kuliko kukaa msibani kwa mama yako ukitaka chai. Ukiwa na mtu nyumbani aliyekuwa mwema akageuka, muombee dua, kisha umpeleke kwa daktari. Umuulize kabla hujamtangaza. Na wewe unayesemwa, mtegemee Mola. Yeye alikuwa ananijua hata nilipokuwa sijijui. Ama nyinyi watu, wallahi, sijui nikwambieni nini.